Mzigo Mzito, Waya Mwembamba

Msemo wa "mzigo mzito mpe Mnyamwezi" ni urithi wa zama za misafara, wakati wapagazi wa Unyamwezi walipobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wengi huutaja msemo huo kana kwamba Mnyamwezi hakuwa na kipimo. Sivyo. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila, na aghalabu ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, mbali na mkeka, sufuria na posho yake mwenyewe. Aliyezidishiwa aliweza kuutua mzigo njiani na kudai haki yake.

Yupo leo katika nchi hiyo hiyo mpagazi mwingine asiye na kinywa cha kudai haki. Huyo ni waya wa umeme uliofichwa ukutani au darini. Akizidishiwa mzigo hawezi kuutua. Huonya kwa joto. Na asiposikilizwa, huwaka.

Bukene, katika Wilaya ya Nzega, ni mji mdogo uliokaa njiani tangu zamani. Nchi hiyo ilipitwa na misafara iliyotoka Tabora kuelekea Ziwa Victoria. Kisha ikaja reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Na baada ya reli zikaja nguzo za umeme. Kila njia ilileta mizigo yake. Njia hii ya tatu sasa inaleta jiko la umeme, na jiko hilo linastahili kupokewa kwa furaha na kwa akili pia.

Furaha yenyewe ina sababu. Mkoa wa Tabora ni nchi ya miyombo, na miyombo ndiyo inayoipa nchi hiyo kuni, mbao, kivuli na asali iliyoupatia mkoa sifa. Miti hiyo hiyo hukaushia tumbaku, hutengenezwa mkaa, na hupikia ugali, maharage na makande ya kila siku. Kila mwaka mama wa Unyamwezi huenda mbali zaidi kutafuta mzigo wa kuni. Akifika nyumbani, moshi wa kuni hizo humwingia machoni na mapafuni yeye pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni. Serikali imekwisha kueleza mara kwa mara kwamba Watanzania wapatao 33,000 hupoteza maisha kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Hiyo si hesabu ndogo. Ni sawa na kuufuta mji mzima.

Kwa sababu hiyo Taifa limejiwekea shabaha. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hapana shaka kwamba umeme utakuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo pamoja na gesi. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwezi Februari 2024. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umepeleka nyaya mahali ambapo miaka ishirini iliyopita taa ilikuwa ni koroboi.

Mtambo upo, basi, na nguzo zipo. Umeme husafiri mamia ya kilomita kutoka Rufiji hadi Unyamwezi, ukipita milima na mapori chini ya ulinzi wa wahandisi. Hatari imo katika hatua kumi za mwisho, kutoka kwenye mita hadi jikoni. Huko hakuna mhandisi.

Mathalani, mwalimu amepangiwa nyumba ya shule. Nyumba hiyo ilitandazwa nyaya zamani, na hakuna aliyepo anayekumbuka ni nani aliyezitandaza. Ina taa sita na soketi mbili, moja sebuleni na moja chumbani. Jikoni hakuna soketi, kwa sababu aliyeichora nyumba alijua kwamba jikoni ni mahali pa mafiga. Mwalimu amejinyima miezi mitatu, amenunua jiko la umeme la sahani mbili, na amelileta nyumbani kwa fahari. Fundi wa mtaani anaitwa. Anavuta waya wa kurefushia kutoka soketi ya sebuleni, anaupitisha chini ya mlango, anauunga kwa utepe. "Usihofu, Mwalimu, utabeba tu." Analipwa na kuondoka.

Siku ya kwanza ugali unaiva na jirani wanaitwa kutazama. Siku ya tatu mke wa mwalimu anaona kwamba kila jiko likiwashwa taa ya sebuleni hufifia. Wiki ya pili plagi inakuwa ya moto kiasi kwamba haishikiki. Wiki ya tatu soketi imegeuka rangi ya udongo, na nyumba ina harufu kama ya kandambili iliyoangukia makaa. Fyuzi inakatika. Fundi anaitwa tena, anakunja uzi mnene wa shaba na kuuweka mahali pa fyuzi, na tangu siku hiyo fyuzi haikatiki tena. Nyumba nzima inamsifu fundi. Kumbe amemfunga mdomo mlinzi wa pekee aliyekuwa macho.

Mwalimu wa mfano huu hana jina, lakini mtumishi wa umma atakayesoma habari zake bila kumfikiria jirani yake, au kujifikiria mwenyewe, ana bahati kubwa.

Yafaa ieleweke kinachotokea ndani ya ukuta huo, maana mtu hawezi kujikinga na asichokijua. Walimu wa fizikia wanayo hesabu yenyewe, na ni rahisi. Umeme wa nyumbani nchini hutolewa kwa volti 230. Taa sita za kisasa, televisheni ndogo, redio na simu mbili zinazochajiwa havizidi wati 200 vyote kwa pamoja. Gawanya kwa 230, na jibu halifiki hata ampea moja. Huo ndio mzigo ambao nyaya za nyumba ile zimeubeba kwa miaka yote bila kuugua.

Jiko la sahani mbili lenye wati 2,500 huvuta karibu ampea 11. Jiko kubwa la sahani nne lenye tanuri ya kuokea, likiwashwa lote na kufikia wati 7,000, huvuta zaidi ya ampea 30. Wala haitoshi kusema kwamba mzigo umeongezeka mara kumi na moja au mara thelathini. Joto linalozaliwa ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo wa umeme. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Mkondo ukipanda kutoka ampea moja hadi 11, joto huwa mara 121. Waya uliokuwa baridi kama jiwe la mtoni sasa unachemka ndani ya ukuta, na hakuna anayeuona.

Ndiyo maana nyaya hutofautiana unene. Kwa desturi ya ufundi, waya wa taa huwa na shaba yenye eneo la milimita mraba 1.5, waya wa soketi milimita mraba 2.5, na waya wa jiko kubwa milimita mraba 6 au zaidi, nao hutoka moja kwa moja kwenye ubao wa fyuzi kwenda jikoni bila kuchangia mzigo na kitu kingine. Mtu anayelichomeka jiko kwenye waya wa taa ni sawa na mnyapara anayemtwisha mtoto pembe ya mtu mzima.

Uzee wa waya nao hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Ziko nyumba ambazo ni za zamani kwa umri. Nyaya zake zilivikwa mpira, na mpira, baada ya miaka mingi ya joto la dari la bati, hukauka na kupukutika kama gome la mti uliokufa. Fundi akiugusa tu waya huo, shaba hubaki uchi. Soketi zake huwa ni zile za matundu ya mviringo, na plagi ya jiko jipya haiingii, ndipo watu wanapochomeka ncha za waya kwa vijiti vya kiberiti. Rangi za nyaya zake ni nyekundu, nyeusi na kijani, ambapo jiko jipya limeletwa na rangi ya kahawia, ya buluu, na ya kijani yenye mstari wa njano. Fundi asiyejua rangi ipi inakwenda wapi anaweza kulifanya jiko zima liwe mtego.

Ziko pia nyumba ambazo ni mpya kwa umri lakini nyaya zake zimekwisha kupitwa na wakati. Serikali ilimwezesha mwananchi wa kijijini kuunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba ilibaki juu yake mwenyewe. Mwenye kipato kidogo alitandaza kadiri ya mfuko wake: taa tatu, soketi moja, na waya mwembamba kuliko wote dukani. Wengine walipewa kifaa cha Umeme Tayari, ambacho huipatia nyumba ndogo taa na soketi bila kazi kubwa ya nyaya. Mipango hiyo ilikuwa sahihi kwa shabaha yake, na shabaha yake ilikuwa kuondoa giza. Sasa shabaha imeongezwa kuwa ni kuondoa moshi, ilhali nyaya ni zile zile.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mzigo umebadilishwa, na hakuna aliyemuuliza mpagazi.

Sababu ya kutoulizwa si siri. Wajibu wa shirika la umeme huishia kwenye mita. Wajibu wa muuza majiko huishia mlangoni mwa duka lake. Anayegawa majiko katika kampeni huhesabu majiko yaliyotoka, hupigwa picha, na kupeleka taarifa. Mpangaji wa nyumba ya umma husema ukuta si wake, hawezi kuuchimba; na mwenye nyumba husema jiko si lake, hakulinunua. Waya uliopo baina ya mita na jiko umekuwa mtoto yatima. Kila mmoja anautumia na hakuna anayeutunza. Ikitokea siku ukawaka, wote watakutana uwanjani kutoa pole, na kila mmoja atakuwa na karatasi inayoonyesha kwamba kwa upande wake alitimiza wajibu.

Hali hiyo haiwezi kuachwa iendelee. Nyumba moja ya mwalimu ikiungua Bukene kwa sababu ya jiko la umeme, habari itasafiri kwa reli na kwa pikipiki hadi kila kijiji cha Nzega. Hakuna atakayeuliza juu ya unene wa waya. Watu watasema umeme unaua, na watarudi kwenye mkaa, na kampeni iliyogharimu mabilioni itakuwa imeshindwa na waya wa shilingi chache.

Kuna hatari nyingine ambayo haitoi moshi wala harufu, nayo ni umeme unaovuja. Jiko ni chombo cha chuma, na juu yake kuna sufuria ya chuma, na anayepika mara nyingi ana mikono yenye maji na miguu peku juu ya sakafu ya saruji. Waya wa moto ukigusa bati la jiko, umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini. Njia ya halali ni waya wa ardhini unaoishia kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba. Fimbo hiyo isipokuwapo, au ikiwapo kwa jina tu, njia inayobaki ni mwili wa mpishi.

Kwa nchi kama Bukene jambo hilo lina uzito wa pekee. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo fupi iliyopigiliwa wakati wa masika, ardhi ikiwa imelowa, inaweza kupimwa na kuonekana nzuri. Ikifika Septemba, baada ya miezi ya kiangazi, ardhi iliyokauka huizuia kufanya kazi yake. Fundi mwenye kuijua nchi huichimba ndani zaidi hadi kwenye udongo wenye unyevu, au huongeza fimbo ya pili, na hupima wakati wa kiangazi. Pamoja na hayo hufunga kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kiasi cha milliampea 30, kabla moyo wa mtu haujadhurika. Mama anayesema kwamba sufuria "inamtekenya" anapoigusa asichekwe. Anatoa taarifa ya hatari kubwa, na jiko hilo lizimwe saa hiyo hiyo mpaka fundi wa kweli alikague.

Baadhi ya watu watauliza: je, si afadhali kampeni ya jiko la umeme isimame mpaka kila nyumba itandazwe nyaya upya? Hasha. Moshi hausubiri, na msitu wa miyombo hausubiri. Wengine watasema kinyume chake, kwamba maneno haya ya nyaya ni ya watu wa mjini, na kwamba mwananchi akipata jiko atajua mwenyewe la kufanya. Hilo nalo ni kosa, tena ni kosa lenye dharau ndani yake, kwa maana linamwachia mtu ajifunze kwa kuunguliwa.

Wapo waliokwisha kulikabili jambo hili. Mwaka 2014 nchi ya Ekuado, huko Amerika ya Kusini, ilianzisha mpango wa kuwahamisha wananchi kutoka kwenye gesi kwenda kwenye majiko ya umeme, na shabaha ilikuwa nyumba milioni tatu. Wakuu wa mpango walitambua mapema kwamba nyumba nyingi zilikuwa na umeme wa volti 110 na ushei, ambao haukuyafaa majiko hayo. Basi kampuni za umeme zilipewa kazi ya kuingiza njia mpya ya volti 220 kwa ajili ya jiko, na kazi hiyo ikawa sehemu ya mpango wenyewe. Shabaha haikufikiwa hata kwa theluthi moja katika miaka iliyofuata, kwa sababu mbalimbali. Lakini fundisho la waya linabaki palepale: jiko na njia yake ya umeme vilihesabiwa kuwa kitu kimoja.

Tanzania haina tatizo la volti. Volti 230 zinatosha. Kinachotakiwa ni unene wa waya, uzima wa viungo, fyuzi ya haki, na fimbo ya ardhini. Hayo yanaweza kufanywa kwa mpango, na kila mmoja ana sehemu yake.

Halmashauri ndizo zenye nyumba nyingi za walimu, waganga na watumishi wengine vijijini. Kwa hiyo zina wajibu wa kwanza. Kila halmashauri iwe na daftari la nyumba zake, na katika daftari hilo iandikwe hali ya nyaya: zilitandazwa lini, zina unene gani, jikoni kuna soketi au hakuna, fimbo ya ardhini ipo au haipo. Mhandisi anayekagua paa la shule akague na ubao wa fyuzi. Fedha za matengenezo zinapopangwa, njia moja ya jiko kwa kila nyumba ihesabiwe kuwa matengenezo, kama inavyohesabiwa rangi ya ukutani. Rangi humpendeza mgeni kwa siku moja, lakini waya mzuri humlinda mwenyeji kila siku anapopika.

Wanaogawa na wanaouza majiko wasihesabu jiko kuwa limefika mpaka limeunganishwa kwa usalama. Kila jiko litoke na maelezo ya Kiswahili yanayosema linavuta ampea ngapi na linahitaji waya wa unene gani. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania iangaliwe kwenye jiko, kwenye soketi na kwenye waya pia, maana waya wa bandia wenye shaba kidogo ndani ya gamba nene huonekana madukani kuwa sawa na wa kweli, na huuzwa kwa bei inayomvuta maskini.

Mafundi umeme nao wana heshima ya kulinda. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilitaka kazi ya kutandaza nyaya ifanywe na wenye leseni, na EWURA ndiyo inayotoa leseni hizo. Leseni isiwe karatasi ya kugongewa muhuri tu wakati nyumba inapounganishwa kwa mara ya kwanza, kisha fundi asionekane tena. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi stadi wangeweza kupewa kazi ya ukaguzi wa nyumba kata kwa kata, chini ya usimamizi wa wenye leseni. Kijana angepata ujuzi na posho, na kata ingepata usalama.

Na mtumishi mwenyewe asikae akisubiri waraka. Yapo anayoweza kuyafanya kabla ya kutoa fedha yake dukani. Alitazame jiko kwa nyuma, mahali palipoandikwa wati. Aigawe namba hiyo kwa 230. Kisha amuulize fundi mwenye leseni kama nyaya za nyumba yake zinaweza kuubeba mkondo huo kwa saa mbili mfululizo. Jibu likiwa hapana, lipo jiko la kuanzia. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 huvuta ampea nne na kidogo tu, hujizima na kujiwasha lenyewe, na huivisha maharage, makande, hata matobolwa magumu ya kiangazi, kwa umeme mchache kuliko sahani ya wazi. Soketi moja iliyo nzima, yenye waya wa milimita mraba 2.5 na waya wa ardhini, hulibeba bila taabu. Mwenye nyaya dhaifu aanze na jiko jepesi, huku akijiandaa kwa jiko zito.

Lakini hata jiko jepesi lina miiko. Lisichomekwe kwenye waya wa kurefushia uliokunjwa kama nyoka chini ya meza. Lisishirikiane soketi na pasi na birika, kwani jiko la wati 2,500, pasi ya wati 1,000 na birika la wati 2,000, vikiwashwa pamoja, ni ampea 24 juu ya waya mmoja. Plagi ikipata moto, taa zikififia, soketi ikibadilika rangi, au harufu ya kuungua ikisikika, swichi kuu izimwe na fundi aitwe. Fyuzi ikikatika, iulizwe sababu. Isibadilishwe kwa uzi mnene, wala kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Na moto wa umeme ukizuka, maji yasimwagwe kabla umeme haujakatwa.

Walimu wana kazi moja zaidi, ambayo hakuna anayeweza kuwafanyia. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja. Hawakuamriwa tu kuchimba vyoo. Walielezwa mdudu anatoka wapi, anaingiaje mwilini, na choo kinamzuiaje; ndipo wakachimba, kwa sababu walikuwa wamejua. Kampeni ya jiko safi inahitaji elimu ya namna hiyo hiyo. Hesabu ya wati, volti na ampea, ambayo mwanafunzi huiandika daftarini na kuisahau baada ya mtihani, ipelekwe nyumbani. Mtoto wa kidato cha pili apewe kazi ya kuhesabu mzigo wa umeme wa nyumba yao. Atarudi na swali ambalo baba yake hakuwahi kuuliza, na pengine swali hilo litaiokoa nyumba.

Kwa muda mrefu maendeleo yamehesabiwa kwa vitu vinavyoonekana: nguzo zilizosimikwa, mita zilizofungwa, majiko yaliyogawiwa. Vitu hivyo ni vya kweli na havibezwi. Lakini usalama wa mama jikoni umefichwa katika vitu visivyopigwa picha, yaani uzi wa shaba ndani ya ukuta, skrubu iliyokazwa vizuri nyuma ya soketi, na fimbo iliyozama katika udongo wenye unyevu. Kiongozi anayetaka kujua kama kampeni inafaulu asiishie kwenye ghala la majiko. Aingie jikoni, aiguse plagi kwa kiganja baada ya ugali kuiva, aone kama ni baridi.

Mzee wa msafara hakuondoka Tabora kabla ya kuipima mizigo na kuwatazama wapagazi mmoja mmoja. Alijua kwamba njia ni ndefu na kwamba mzigo usiopimwa hauwezi kufika pwani. Kuelekea mwaka 2034 safari nayo ni ndefu. Halmashauri zianze sasa, kwa nyumba ya kwanza ya mwalimu iliyo karibu na ofisi zao, kuufungua ubao wa fyuzi na kutazama.